Dawa za Sadalla

"Umemwambia nini Waridi?"

Sadalla hakusalimia. Alisimama mlangoni mwa duka la vitenge, Kariakoo, wateja wamejaa, sare ya zimamoto bado mwilini. Najma, mchumba wake, akaacha kukunja kitenge, akamvuta nyuma ya marobota.

"Nimekutetea. Alikuja anacheka, eti mchumba wako teja, kapimwa mkojo kazini kakutwa na dawa. Nikamwambia siyo unga, ni dawa za hospitali, anameza kila siku."

"Za hospitali. Kila siku. Umemwambia hivyo hivyo?"

Hapo ndipo Najma alipoelewa. Mjini hapa ukisema fulani anatumia dawa, tena za kila siku, hakuna anayeuliza za nini. Ana virusi, basi. Waridi, jirani wa duka la pili, kawapa habari wauza viatu, wauza viatu wakaifikisha Msimbazi, na Msimbazi ndiko anakokaa Bi Sitara, shangazi yake Najma, aliyepokea posa.

Ukweli waliujua wao wawili na daktari. Tangu Sadalla amtoe mama mmoja kwenye ghorofa lililoungua, mama huyo akiwa ameshakata roho, usingizi ulimkimbia. Daktari akampa vidonge. Ndivyo vilivyoonekana kwenye mkojo, na mkuu wa kituo akayatangaza majibu mbele ya kikosi kizima.

"Si umwambie mkuu wako ni za usingizi?"

"Atauliza kwa nini silali. Nikimjibu, mimi kichaa. Nikinyamaza, teja. Na huku kwenu sasa mgonjwa. Nichague lipi, Najma?"

Simu ikalia. Meseji ya shangazi: "Alasiri mje wote wawili. Huyo mwenzio aje kapima."

Akapima. Alasiri walipofika, sebule ilishafurika: mashangazi, majirani, na wengine ambao hata udugu wao haujulikani. Waridi naye yumo, anatafuna kashata.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimepima. Sina."

Bi Sitara akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Sadalla naye akaanza kupumua. Ndipo mama wa watu akauliza, kwa upole kabisa:

"Basi hizo dawa za kila siku, baba, ni za nini?"

Kashata ya Waridi ikasimama njiani. Sadalla akatupia macho nje. Mlango ulikuwa wazi, ila viatu vya wageni vimeuziba. Akafungua mdomo.

"Usiseme," Najma akamwambia.

Akamgeukia Bi Sitara. "Shangazi, mimi najua ni za nini. Hata angekuwa navyo hivyo virusi ningemtaka. Mdomo wangu umeshamuuza mara moja, na siongezi neno."

"Watu watasema tumekuoza kwa mgonjwa."

"Watasema. Nami nitakuwa kwake."

Bi Sitara akamtazama mpwa wake, akaitazama ile halaiki iliyojisogeza kusikia. Akawaambia kama ni mambo ya dawa yamekwisha, aliyebaki na njaa ajitolee kuchagua mchele wa pilau ya harusi.

Ndoa ikafungwa. Mtaa mzima ukaja, wengine kula pilau, wengine kumtazama bibi harusi kama keshaanza kukonda. Kazini, Sadalla alikuwa amemkatalia mkuu wake kujieleza, akasema atazungumza na daktari tu. Wakamweka kwenye simu, apokee taarifa za moto, gari litoke bila yeye.

Wamekaa wawili wanapigwa picha, king'ora kikapita barabarani. Sadalla akainuka nusu, kisha akakumbuka. Akabaki hivyo, hakai wala hasimami, mikono inamtetemeka.

Najma akamvuta kanzu. "Kaa, mume wangu."

Akakaa. Najma akaifunika ile mikono kwa ushungi wake, lakini Waridi alishaiona. Akamwinamia jirani yake:

"Nilijua tu mimi. Ana sukari yule."