Chungu cha Shimo la Tatu

Inzi ndio waliotangulia kuhama. Nyumba ya Bi Nasma, pale Ujiji, ilikuwa jirani na wanapoanika dagaa, na inzi walikuwa wapangaji kama wapangaji wengine. Lakini Jumatatu ile Skolastika, aliyepanga chumba humo, alikunywa chai yake yote bila kumpunga hata mmoja. Akafurahi, akaenda kazini.

Ulikuwa mwaka 1997. Wakongo walikuwa wakivuka ziwa kila siku kukimbia vita, mji ukafurika, na palitakiwa kujengwa ghala la mahindi ya wakimbizi. Kwa kuwa Ujiji ni mji wa kale, ilibidi ardhi ichunguzwe kabla ya zege kumwagwa. Skolastika, binti wa Kasulu aliyetoka chuoni na shahada ya akiolojia, alipewa kazi hiyo, na ndiyo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Mashimo mawili yalimpa vigae na ushanga. La tatu lilimpa chungu kizima, mdomo umezibwa kwa ulimbo mweusi.

Sheria ya kazi ilikuwa kisitoke stoo. Yeye alikuwa amekibeba hadi nyumbani Jumapili, Bi Nasma akiwa msibani, akakibandua ulimbo na kukisugua kwa mswaki ndani ya karai la jikoni. Ndani ya chungu mlikuwa na mafuta ya manjano, mazito, yenye nywele. Donge moja alilifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya maabara. Karai alilisuuza, akalirudisha mahali pake. Chungu akakisukuma mvunguni mwa kitanda.

Harufu ilianza Jumanne. Ilinuka kama kidonda kilichofungwa kitambaa wiki nzima halafu kikafunguliwa. Barazani kwa Bi Nasma alikuwa akilala Agnesi, mkimbizi wa kutoka Uvira, na watoto wake watatu. Majirani hawakuhitaji kufikiri sana.

"Si umewakaribisha mwenyewe?" walimwambia Bi Nasma. "Wamekuja na uchafu wao."

Jumatano mchana walikula wali. Bi Nasma akakuta unywele mdomoni, akauvuta. Ukaja. Akauvuta tena, ukaendelea kuja, mrefu, umelowa mafuta, mpaka akakohoa na macho yakamtoka. Skolastika, aliyekaa mbele yake, aliona kwamba haukutoka kwenye wali. Ulikuwa unatoka kooni.

Bi Nasma aliinuka, akaenda barazani. "Mwanangu, nimevumilia. Chukua watoto wako uende."

"Mama, harufu haiko yetu," Agnesi alisema polepole. "Mama, nakuapia."

Skolastika alikuwa amesimama mlangoni. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno lile lingemtoa kazini kabla hajamaliza mwezi, akalimeza. Agnesi akakunja mikeka.

Alhamisi, saa nane mchana, jua kali, Skolastika alirudi akaisikia harufu tangu njiani, akaingia akiziba pua kwa khanga, akaona kuta zinatoka jasho la manjano linalochuruzika mpaka sakafuni na kugandamana na miguu yake, na jikoni, kwenye mwanga ule ule wa mchana ambao watoto wa jirani walikuwa wakichezea mpira, Bi Nasma amepiga magoti akililamba karai, ulimi umechanika, analamba damu yake pamoja na kutu, na kila akimeza tumbo lake linajibu kwa sauti ambayo si ya tumbo.

"Nipakue," sauti ikasema. Midomo ya Bi Nasma haikutikisika.

Skolastika alikimbia mtaa wa pili kwa Bi Mwanne, mganga aliyejulikana kwa kusema na majini. Alimweleza yote njiani, hata karai. Bi Mwanne alifika, akafukiza ubani, akakaa chini mbele ya mgonjwa.

"Nani wewe?"

"Walionifunga walikuwa na adabu," sauti ilisema. "Huyu kanikwangua kwa mswaki. Kanipa huyu mama anile. Nami namla."

"Utoke. Tutakurudisha ulikotoka."

"Mzima? Kipande changu kimoja amekificha."

Bi Mwanne akageuka. Skolastika alijua kwamba donge lile ndilo ushahidi wake wote, ndiyo makala ya kitaalamu ambayo ingetoka kwa jina lake. Akaenda kulitoa sandukuni. Lilikuwa la moto, linadunda ndani ya nailoni.

Bi Nasma alinyweshwa kombe la aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, chungu kikawekwa mbele yake, akatapika. Alitapika mafuta, nywele, mafuta tena, kwa muda mrefu, huku Skolastika akimshika kichwa na mengine yakimmwagikia mikononi, vuguvugu. Mwisho Skolastika akatumbukiza donge. Bi Mwanne akaziba mdomo wa chungu kwa ulimbo mpya. Kuta zikakauka.

Kabla jua halijazama Skolastika alikifukia kwenye shimo la tatu kwa mikono yake. Kesho yake asubuhi zege likamwagwa. Alimpigia simu bosi wake Dar es Salaam, akamwambia alichokipata na alichokifanya. Bosi akamwambia akabidhi vifaa.

Akatoka hapo kumtafuta Agnesi. Alimkuta kando ya ziwa, kwenye foleni ya malori ya kwenda kambini.

"Bi Nasma anaomba urudi," alisema. "Ilikuwa kazi yangu. Kitu changu. Nilijua tangu Jumanne."

Agnesi alimtazama. Halafu akamvuta mtoto wake mdogo, akamfunua shati. Mgongo wote ulikuwa mwekundu, ngozi imechubuka, mahali pengine inatoa majimaji.

"Nilimsugua na mchanga," alisema. "Siku mbili. Nilifikiri kweli ni sisi."

Akamshusha shati taratibu, akambeba, akapanda lori.