Siku Mama Narae Alipopakwa Soya Usoni

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa usukani wa basi nililoliendesha mjini Busan mpaka wakanistaafisha. Watu wa mtaani kwetu husema, "Mzee Pyo anatia chumvi." Nami huwajibu, chakula kisicho na chumvi nani atakila? Lakini leo sijatia hata punje. Kaa vizuri, msomaji.

Binti yetu Narae alipata mchumba. Kijana huyo anaitwa Giho. Kwetu, kabla ya harusi, wazazi wa pande zote mbili hukaa meza moja. Wanakula na wanatazamana. Siku hiyo mama humkagua mama mwenzake tangu unywele hadi ukucha. Neno moja baya likitoka, harusi hupata ufa. Ndiyo maana wazee wetu walisema, nyumba ya wakwe na choo, heri vyote viwe mbali.

Vijana wa siku hizi hawakuchagua hoteli. Walitukatia tiketi za meli ya matembezi, iendayo Japani na kurudi.

"Mtapumzika kwanza," Narae alituambia. "Jioni ya siku ya tatu tutakula na wazazi wa Giho. Wao watakuwa ghorofa ya juu, mimi na Giho ya katikati. Kabla ya hapo msiende kuwachungulia. Baba, umenisikia?"

"Kwa nini unanitazama mimi?"

"Unajua kwa nini."

Mke wangu, Mama Narae, alianza kujiandaa. Alikwenda saluni, akatiwa dawa ya kuzikunja nywele. Alirudi na mawimbi madogo madogo, yamekaza vizuri.

"Nimependeza?" akauliza.

"Ukigonga ukuta, utakaoumia ni ukuta."

Akanipiga na mkoba. Lakini alikuwa anacheka.

Sasa elewa jambo moja. Nyumbani, Mama Narae hatoki nje bila ngao. Huvaa kofia ya ukingo mpana, kitambaa cha kuficha uso, na mikono ya kitambaa hadi begani. Akienda kupanda mlima na wenzake, mimi humtambua kwa viatu tu. Lakini sanduku letu lilijaa. Kulikuwa na kimchi, yaani kabichi yetu ya pilipili, pakiti za tambi, na kopo kubwa la soya iliyochachushwa, ile nzito tunayotia kwenye mchuzi.

"Chakula cha melini hakiaminiki," alisema. Akaitoa kofia na kitambaa cha uso ili kopo la soya lienee.

Meli iliondoka jioni. Kesho yake tulikuwa katikati ya bahari. Anga lilikuwa na mawingu, na upepo ulikuwa baridi.

"Unaona?" alisema Mama Narae. "Jua lenyewe halipo. Kofia ingekuwa ya nini?"

Akalala kwenye kiti cha sitahani, karibu na bwawa la kuogelea. Akaingia majini, akatoka, akaziacha nywele zikaushwe na upepo. Akalala tena, usingizi mzito wa mtu asiyepika wala kuosha vyombo. Mimi nilizunguka sitahani kuzungumza na watu. Tulirudi chumbani alasiri.

Nikasikia sauti kutoka bafuni. "Baba Narae! Njoo! Njoo haraka!"

Uso wake ulikuwa mwekundu kama kaa aliyetoka chunguni. Shingo hivyo hivyo, na mikono. Nywele zilikuwa zimekauka, zimesimama kila upande. Ukizigusa, zinalia kama majani makavu.

"Ni ngozi ya juu tu imekufa," alisema. "Nikiisugua itatoka. Chini yake kuna ngozi mpya."

Kwetu, kila nyumba ina kile kitambaa kidogo cha kijani kinachokwaruza. Tunajiloweka kwenye maji ya moto, halafu tunajisugua mpaka taka zitoke kama makombo ya kifutio. Mtu asiyesugua hajaoga. Mama Narae ni bingwa wa kusugua mtaani. Akachukua kitambaa chake, akaenda kwenye hamamu ya meli.

Alirudi machozi yanamtoka.

"Inaungua, Baba Narae. Sasa inaungua zaidi!"

Nikakumbuka mama yangu. Nilipoungua kwa sufuria utotoni, alinipaka soya. Nikafungua lile kopo. Nikampaka Mama Narae usoni, shingoni na mikononi, kama mtu anayepiga lipu ukuta. Harufu ilipita chini ya mlango na kupanda ngazi. Inasemekana nahodha aliinua darubini kutafuta bara liko wapi.

Mlango ukagongwa.

"Nani anapika mchuzi humu? Melini hairuhusiwi kuwasha moto!"

Alikuwa Bi Tak wa chumba jirani. Mama huyo aliuguza wagonjwa wa ngozi hospitalini mpaka akastaafu. Jana yake tulipanga naye foleni ya chakula.

"Hatupiki, dada," nilisema. "Ni mke wangu."

"Mke wako ndiye mchuzi?"

Akanisogeza pembeni, akaingia. Akamwona Mama Narae amekaa kitandani, macho mawili yanachungulia katikati ya soya.

"Mungu wangu! Nani kafanya hivi?"

Mama Narae akaninyooshea kidole. Kidole nacho kilikuwa na soya.

"Soya ina chumvi nyingi," Bi Tak alisema. "Umempaka chumvi kwenye kidonda. Na huyu amejisugua, siyo? Naona mistari."

"Nilidhani ni taka," Mama Narae akajibu kwa sauti ndogo.

"Siyo taka, mdogo wangu. Ni ngozi iliyoungua. Ngozi iliyoungua haisuguliwi, haipakwi soya, wala dawa ya meno, wala pombe. Twende bafuni."

Alifungua maji ya baridi kiasi, siyo ya barafu. Yakapita polepole juu ya ngozi mpaka soya yote ikaondoka. Hakusugua hata kidogo. Kisha akalowesha kitambaa laini, akakikamua, akakiweka usoni mwa Mama Narae. Kikipata joto, anakilowesha tena.

"Aaah," alisema Mama Narae. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipumua vizuri tangu alasiri.

"Lakini dada Tak," nikauliza, "ameunguaje? Jua halikuwepo!"

"Jua lilikuwepo. Mawingu yanazuia mwanga wa kukuumiza macho. Mionzi inayounguza ngozi inapita. Na baharini inakupiga mara mbili, toka juu na toka kwenye maji, maana maji ni kama kioo. Upepo nao unakudanganya. Unasikia baridi, kumbe unaiva."

"Mimi mbona sikuungua?"

Bi Tak akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu upande huu na upande ule.

"Ulikuwa na kazi gani?"

"Dereva wa basi."

"Jitazame kwenye kioo. Shavu la kushoto, upande wa dirisha, lina makunyanzi na madoa. La kulia ni la kijana. Wewe umekuwa ukiungua maisha yako yote, polepole."

Nikajitazama. Kwa miaka yote nilidhani kioo chetu cha nyumbani kimepinda.

Bi Tak akaleta jeli ya mshubiri kutoka chumbani kwake. Akaipaka nyembamba, ngozi ikiwa bado na unyevu.

"Kunywa maji kwa wingi," akasema. "Kiyoyozi cha humu kinakausha ngozi usiku kucha, kwa hiyo kila ukioga, oga kwa maji ya vuguvugu, usikae sana, halafu upake mafuta ya kulainisha kabla hujakauka. Na sikilizeni wote wawili. Akipata malengelenge mengi, homa, kizunguzungu au kutapika, msinigongee mimi. Mpelekeni kwa daktari wa meli."

Mama Narae alikuwa analia kimya kimya.

"Bado inauma?"

"Siyo hiyo." Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Kesho jioni ninakutana na mama mkwe wa mwanangu. Atasema nini? Atasema, mama mwenyewe hajui kujitunza, binti amefundishwa nini? Na hizi nywele! Baba Narae, mwambie mtoto aahirishe."

Niliinua simu. Nikaitazama. Vijana wale walikuwa wamengojea siku ile kwa hamu.

"Weka simu chini," Bi Tak akasema. "Siwezi kukuahidi uso mpya kwa siku moja. Ninakuahidi uso usiouma. Nywele tutazipatanisha. Uliziosha baada ya bwawa?"

"Hapana. Si zilikuwa zimelowa tayari?"

"Zimelowa dawa ya bwawani. Nywele zilizotoka kutiwa dawa ya saluni, ukaziongezea dawa ya bwawani, chumvi ya upepo na jua! Hata kamba ya meli ingekatika."

Akamwosha nywele kwa maji safi na shampuu laini kidogo, kwenye ngozi ya kichwa tu. Akapaka dawa ya kulainisha kwa wingi kuanzia katikati hadi nchani, akaiacha ikae kabla ya kuisuuza. Hakuzifikicha kwa taulo. Alizibonyeza tu. Kisha akachukua kichanio cha meno mapana, akaanza kuchana nchani, akapanda juu taratibu.

"Siku nyingine, kabla hujaingia bwawani, lowesha nywele kwa maji safi," alisema. "Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinywi sana maji ya bwawa. Ukitoka, suuza hapo hapo. Sitahani, funga skafu au vaa kofia. Na mashine ya upepo wa moto uiache ipumzike."

Kesho yake meli ilitia nanga Nagasaki. Watu walishuka kutembea, Narae na Giho pia. Sisi tulibaki kivulini na vitambaa vyetu vya baridi. Nilikwenda duka la meli kununua kofia pana na krimu ya kuzuia jua. Bi Tak akanifundisha: unaipaka kabla ya kutoka, siyo ukishafika juani. Unapaka ya kutosha, bila uchoyo. Masikio usiyasahau, wala shingo, wala juu ya miguu. Kila baada ya saa mbili unarudia, na kila ukitoka majini unarudia. Ngozi iliyokwisha kuungua, yenyewe ikae kivulini.

Jioni ilifika. Wekundu ulikuwa umepungua, lakini ulikuwepo. Mama Narae alitaka kuuziba kwa poda nzito.

"Acha," Bi Tak akamwambia. "Poda itang'ang'ania magamba, utaonekana ukuta unaobanduka. Paka mafuta, vaa nguo yako ya buluu, uende hivyo hivyo."

Tukaenda. Mikono ya mke wangu ilikuwa baridi kama samaki.

Wazazi wa Giho walikuwa wameshakaa. Mama Giho alikuwa mwembamba, amenyooka kama sindano. Baba Giho alivaa kofia ya kitambaa, akawa ameiteremsha hadi kwenye nyusi. Tukainamiana. Narae aliuona uso wa mama yake, akashtuka. Mama Giho akautazama uso huo kwa muda mrefu.

Nikaona mke wangu anazama. Nikarukia majini kumwokoa.

"Wakwe wenzangu," nikasema, "msishangae. Jana sitahani, samaki warukao walipita kundi zima. Mmoja akampiga mke wangu kofi shavu hili. Akageuka, mwingine akampiga hili. Samaki wakubwa! Nikampigania kwa kandambili."

Giho akakohoa kwenye supu. Mama Narae akafumba macho.

"Ajabu," Mama Giho akasema polepole. "Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yenu jana. Nilimwona mama huyu amelala kutwa nzima. Samaki sikuwaona."

Mimi nikainamia supu yangu.

"Nilichokiona," akaendelea, "ni mzee mmoja anazunguka bwawani. Akamkuta mume wangu anajipaka krimu kichwani. Akamwambia, 'Bwana, unapaka kichwa siagi kama mkate? Mwanamume hapaki krimu. Nitazame mimi!' Mume wangu akaona haya. Akaifuta."

Baba Giho akavua kofia. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Kiling'aa chekundu kama taa ya barabarani, na juu kilikuwa kinaanza kubanduka.

Haya, msomaji, sehemu hiyo niliiruka. Kuruka siyo kudanganya.

"Baba!" Narae akasema.

"Mzee wa samaki," Baba Giho akaniambia, "hata mto wa kulalia siwezi kuugusa."

Mama Narae ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kuuzuia mdomo kwa mkono, akashindwa. Kisha akamwinamia Baba Giho. "Samahani sana, mkwe mwenzangu. Huyu jana alinipaka soya."

"Soya?" Mama Giho akauliza. "Ile ya mchuzi?"

"Uso mzima."

Mama Giho akaegemea meza akacheka mpaka kijiko chake kikaanguka. "Na mimi jana usiku nimemsugua huyu kichwa kwa kitambaa cha kijani! Nilidhani ni taka!"

"Jamani, usisugue!" Mama Narae akamshika mkono. "Ngoja nikwambie. Maji ya baridi kiasi, kitambaa laini, jeli ya mshubiri." Wakasogeza viti. Wale mama wawili hawakututazama tena mpaka matunda yalipoletwa. Narae alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa anatabasamu.

Hukumu ilitolewa na Mama Giho, na hakuna aliyeipinga. Ndiyo sababu katika picha za safari ile utaniona nimesimama sitahani, chini ya mwavuli mkubwa, nina kopo la jeli mkononi. Baba Giho amekaa kitini, kichwa mbele yangu. Mama Narae, mwenye kofia pana, anasimamia.

"Polepole," anasema Baba Giho. "Nyuma ya masikio pia."

"Ndiyo, mkwe mwenzangu."

"Na shingo."

"Ndiyo, mkwe mwenzangu."

"Na usiniambie habari za samaki."