Taa ya Mlango wa Merv

Nimefanya kazi ya umeme wa magari miaka arobaini na moja, na kuna jambo moja ambalo mpaka leo sijalielewa. Taa isiyo na waya iliwakaje?

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Taa za LED zina tabia zake. Hutumia umeme kidogo mno, kiasi kwamba hata ule unaovuja kwenye waya chakavu unaweza kuzifanya ziwake kwa mbali ilhali swichi imezimwa. Watu huogopa, nami huwaeleza, tukacheka. Lakini umeme unaovuja nao huhitaji njia ya kupita. Ile taa niliichomoa waya zote mbili kwa mkono wangu huu...

Ikaendelea kuwaka.

Merv na Una Pascoe walikuwa na gari-nyumba refu la rangi ya maziwa. Walipostaafu waliuza nyumba yao ya Whyalla wakahamia ndani ya gari, kama tulivyofanya wengi wetu tunaozunguka nchi hii na vitanda vyetu mgongoni. Tulijuana barabarani. Kila majira ya baridi tulikutana kwenye kiwanja kimoja cha kambi magharibi ya mji mdogo wa Penong, kusini mwa Australia, katikati ya vichaka vya mallee, mikalitusi mifupi inayofanana yote, ambako ukigeuka mara mbili huwezi tena kusema ulitokea upande gani.

Mwaka ule Merv alikuwa amechoka na betri kuisha kabla ya taarifa ya habari. Aliniomba nimbadilishie taa zote, za ndani na za nje, niweke LED. Alinisimamia siku nzima akinitania kwamba fundi mzee ni kama betri kuukuu, kelele nyingi na nguvu hakuna. Nilimjibu kwamba betri kuukuu angalau haimsumbui fundi.

Taa moja tu ndiyo iliyomtia wasiwasi. Ilikuwa ya nje, juu ya mlango, yenye kioo cha njano iliyokolea, kwa sababu wadudu hawaikimbilii njano. Yeye na mkewe walikuwa na sheria yao. Jua likizama, Una huiwasha. Haizimwi mpaka wenye nyumba wote wawe ndani, na wa mwisho kuingia ndiye anayeizima. Miaka thelathini na sita waliishika sheria hiyo, tangu walipokuwa na nyumba ya matofali.

Niliibakiza mwisho. Umeme wote nilikuwa nimeukata kwenye betri ili nifanye kazi kwa usalama, kwa hiyo sikuweza kuijaribu palepale. Nilifunga taa mpya nyeupe, nikakaza skrubu, nikarudisha umeme. Saa kumi na moja ikawa imefika, saa yetu ya kutoa viti nje na kunywa kabla ya chakula.

"Bia inapata moto, ndugu yangu," Merv aliniambia. "Hiyo utaijaribu kesho."

Nikasema sawa.

Balbu za zamani hazikuwa na shida. Waya huu hapa na ule pale, au kinyume chake, zinawaka tu. Mikono yangu ilikuwa imezoea kutojali kwa miaka arobaini. LED hujali. Ukizigeuza waya zake, haiwaki.

Jua lilipozama Merv alichukua shoka akaenda kutafuta kuni. Una aliiwasha swichi kama kila siku, akafunika madirisha kwa mapazia mazito ya kuzuia baridi, akaanza kukaanga nyama. Hakutoka nje kuangalia. Nani hutoka nje kuangalia taa ambayo imewaka miaka yote? Mimi nilikuwa nimerudi kwenye gari langu upande wa pili wa kiwanja. Bia zilinilaza.

Una alinigongea saa mbili usiku; Merv alikuwa hajarudi. Kambi nzima ilitoka na tochi, tukaita mpaka sauti zikakauka. Nilirudi mara moja kwenye gari lao kuchukua tochi nyingine, na pale ndani, kando ya mlango, nikaiona swichi. Imewashwa. Nikachungulia nje, juu ya mlango. Giza.

Nilielewa papo hapo.

Na mkono wangu... mkono wangu ukaizima ile swichi.

Sijui kama niliamua. Nimesoma vitabu vingi juu ya wanadamu na makosa yao, na nimewasamehe wengi humo. Najua tu kwamba Una aliingia nyuma yangu, akaitazama swichi, akaziba mdomo kwa kiganja.

Walimpata Merv siku ya tatu, hatua mia nne kutoka mlangoni kwake. Baridi ndiyo iliyomuua. Nyayo zake zilionyesha kwamba alilizunguka gari mara tatu usiku ule akilitafuta. Polisi walipomuuliza Una kuhusu taa, alisema kwa sauti ndogo, "Nadhani nilisahau." Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Nilikuwa nimemshika mkono.

Mwaka ukapita. Halafu ujumbe wake ukaja kwenye simu.

*Shemeji, taa ya mlangoni inawaka yenyewe. Nipo palepale. Njoo na vifaa.*

Nilifika jua likiwa linagusa vichaka. Hapakuwa na gari lingine. Una alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, na kiti cha pili kilikuwa kando yake, kitupu. Alikuwa amekonda. Alinimiminia chai, akaniuliza habari za njiani, akasema nimezeeka vibaya kama tairi lililoachwa juani. Kisha akatazama juu ya mlango.

Nikaanza kumweleza habari za umeme unaovuja. Nilikuwa bado katikati ya maelezo taa ilipowaka.

Njano.

Kioo nilichokifunga mimi kilikuwa cheupe. Kilikuwa cheupe hata wakati ule, nilikiona. Lakini mwanga uliokuwa ukimwagika kwenye ngazi ulikuwa wa njano, mzito kama asali. Na harufu ikaja... harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu ya moto. LED haichomi vumbi. Ni baridi, unaweza kuishika.

"Swichi sijaigusa tangu siku ile," Una alinong'ona.

Nilipanda ngazi yangu ndogo, nikafungua kifuniko. Waya zilikuwa kama nilivyoziacha, zimegeuzwa. Nilichomoa wa kwanza. Nikachomoa wa pili. Nikazishika zote mbili mkononi, ncha zake zikielea hewani.

Taa haikutikisika.

Ndipo nikasikia hatua.

Zilikuwa mbali kidogo, nje ya duara la mwanga. Kijiti kinavunjika. Kimya. Kijiti kingine. Zilikuwa zikituzunguka polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

"Kila jioni ni hivyo," Una alisema. "Hapigi hodi. Namwita, haji. Amenikasirikia. Nilimsahau, Clarrie. Miaka thelathini na sita, na siku moja tu nikamsahau..."

Nilishuka. Ningeweza kumfariji tena, kama nilivyomfariji mwaka mzima kwa simu, na kila faraja ilikuwa tofali jingine la kumfukia Una akiwa hai.

"Hukusahau," nikamwambia. "Uliiwasha. Mimi ndiye niliyegeuza waya. Sikuijaribu. Nilipoona swichi imewashwa, nikaizima, ili usijue."

Hatua zilisimama.

Taa ikazimika.

Una hakulia wala hakunipiga. Aliniuliza tu kama ile taa ya zamani niliitupa.

Sikuitupa. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku langu la vifaa, imefungwa kwa kitambaa. Kwa mwaka mzima niliihamisha kutoka kona moja ya sanduku hadi nyingine, bila kuweza kuitupa na bila kuweza kuitazama.

Aliipokea kwa mikono miwili. "Merv alikuwa anajiwashia mwenyewe," alisema. "Mtu hawezi kujiwashia taa ya kukaribishwa kwake."

Akachukua bisibisi mkononi mwangu. Alisema ataifunga yeye. Mimi, alisema, niende mpaka pale walipomkuta, nisimame bila tochi. Nikiiona taa kutoka pale, basi hata Merv ataiona.

"Halafu nirudi?"

"Taa ikiwepo, utarudi."

Nikampa tochi yangu ya kumulikia kazi. Nikahesabu hatua. Mia moja... mia mbili... Matawi yalinikwaruza usoni. Kwenye mia nne kulikuwa na rundo dogo la mawe tuliloliweka sisi watu wa kambi. Nikasimama kando yake, nikageuka nyuma, na sikuona chochote. Mbele na nyuma vilikuwa kitu kimoja. Lori refu lilipita barabara kuu, mngurumo wake ukaja kutoka pande zote kwa pamoja, kisha ukafa.

Sasa nilijua Merv alipitia nini usiku ule.

Na nilijua kwamba sikuwa peke yangu. Hakuna kilichonigusa. Ilikuwa ni ile hali ya mtu kusimama karibu nawe kwenye foleni, akingoja kile unachokingoja nawe. Harufu ya sufu iliyolowa umande. Harufu ya mti uliopasuliwa sasa hivi.

"Nisamehe, ndugu yangu," nikanong'ona.

Kule mbali, nukta ya njano ikawaka.

Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, lakini giza lote lilipata mlango. Kando yangu mtu alivuta pumzi ndefu. Kijiti kikavunjika, kisha kingine, mbele yangu sasa, na safari hii hatua hazikuzunguka. Zilinyooka, zikaharakisha. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na sauti ya Una, siyo kubwa, ikisema neno moja ambalo upepo ulinifikishia lote: "Karibu."

Mlango ukafungwa.

Nikainua mguu nianze kurudi.

Taa ikazimika.

Niliita. Niliita jina lake, nikaita mpaka nikaona haya. Nilijaribu hatua kumi nikakosa mawe, nikayapapasa kwa mikono, nikayapata, nikaamua kutoyaacha. Mtu aliyepotea anatakiwa kukaa mahali pamoja. Nilikaa, nikajikunyata ndani ya koti langu, na baridi ile ikanifundisha polepole, kidole kimoja baada ya kingine, yale ambayo sikutaka kuyajua kwa mwaka mzima. Mara mbili nilidhani sitaamka.

Kulipopambazuka gari lilikuwa palepale, jeupe, karibu kiasi cha aibu. Kwenye ngazi ya mlango kulikuwa na mzigo wa kuni, umepangwa vizuri, mikato yake bado mibichi. Una alikuwa hana shoka. Lile la Merv polisi hawakulirudisha.

Alinifungulia, akanivika blanketi, akanipa chai yenye sukari nyingi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mezani palikuwa na vikombe viwili vilivyotumika. Sikuuliza cha pili kilikuwa cha nani.

Nilimuuliza kwa nini aliizima taa, na mimi nikiwa bado nje.

Alinitazama kwa huruma kidogo, jinsi unavyomtazama mgeni asiyejua desturi za nyumba.

"Tuliamua ukae huko mpaka asubuhi, shemeji," alisema. "Mimi nilikubali tu. Unaijua sheria yetu. Wa mwisho kuingia ndiye aliyeizima."