Aliyelala Chumba cha Mwisho

"Yule nimeshamfuta. Hata akija kugonga, simfungulii," Msomi alimwambia jirani yake Kinyozi, huku akisugua sufuria kwenye bomba la uani. Ndilo bomba pekee la nyumba nzima, na wapangaji karibu wote ni wanachuo kama yeye.

Kinyozi akacheka. "Basi kaza moyo. Anayeingia getini ni nani?"

Sufuria ikamponyoka Msomi.

Alikuwa yeye, kavaa kizibao cha karani wa sensa, kishikwambi mkononi. Binti huyo alimwacha Msomi tangu siku ile Msomi alipoahidi kwenda kumsalimia baba wa binti, akaingiwa na ubaridi, akamtuma binamu yake akamwombee udhuru.

Msomi mbio chumbani kwake, chumba cha mwisho, akajifungia. Hodi ya kwanza tu, mlango wazi.

"Karibu, mpenz... karani."

"Ahsante, kaka. Usiku wa kuamkia siku ya sensa, nani alilala humu?"

Hilo "kaka" lilimchoma kuliko pasi.

"Mimi. Ila usijisumbue, mimi nahesabiwa kwa mama. Hapa nimepanga tu, nasoma."

"Kila mwanachuo wa mtaa huu ananiambia hivyo. Mtu anahesabiwa alipolala, si alipozaliwa."

"Mama hawezi kunisahau. Msikie mwenyewe."

Akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Mama, karani wa huko si ulimtajia jina langu?"

"Nilitaka, mwanangu. Akaniuliza, 'Alilala hapa?' Nikasema hapana. Kwani huko hujahesabiwa?"

Msomi akaitupa simu kitandani kwa aibu.

"Umesikia," karani akasema. "Kule hupo, huku unakataa kuwepo. Halafu mnalalamika bomba moja. Nani atawaletea la pili watu ambao hawapo?"



"Ndivyo ulivyo," akaendelea, sauti imeshuka. "Kwa baba ulimtuma binamu. Leo umemtuma mama. Lini utakuja mwenyewe?"

Hilo halikuwemo kwenye dodoso. Na kesho karani alikuwa anahamia mtaa mwingine. Msomi akaona akiliacha hili lipite, ndiyo basi tena.

"Niliogopa," akasema. "Niandike, nipo. Na kwa baba yako nitakuja Jumapili, kwa miguu yangu, bila binamu."

Karani akaandika umri, akaandika elimu.

"Hali ya ndoa?"

"Sijaoa. Weka 'bado kidogo'."

"Hakuna kisanduku hicho." Tabasamu likamshinda. "Ila Jumapili baba yupo. Ukichelewa, usije."

Msomi akamwona Kinyozi katega sikio dirishani. Akavimbisha kifua.

"Usidhani lakini nimekonda kwa ajili yako. Mimi nilishakusahau kitambo."

Kitandani mtu akakohoa. Simu haikuwa imekatwa.

"Mwongo huyo, binti yangu," sauti ya mama ikajaa chumba. "Kila akinipigia anakulilia wewe kwanza, ndipo akumbuke kuniuliza kama nimekula."