Kutu Kwenye Treni ya Abeli

"Usikwangue kwa nguvu," Idefonsi alisema. "Springi hiyo ya betri ni nyembamba. Ukiikata, hatuna nyingine."

Eufrazia alilegeza mkono. Alikuwa amechuchumaa barazani kwao, kijijini Kirushya, akiwa ameipindua treni ndogo ya plastiki juu ya magoti, akiisugua kutu ya kijani kwa kipande cha msasa. Mbele yake Idefonsi, baba yake mdogo, alikuwa akipuliza mkaa. Ndani ya mkaa alikuwa amechomeka msumari mnene. Ukishika moto sawasawa, angeyeyusha nao risasi ya kulehemu na kuunganisha waya wa mota uliokatika. Hivyo ndivyo alivyotengeneza redio na tochi za majirani.

Treni ilikuwa ya Abeli, mtoto wa jirani. Babake alimletea kutoka Mwanza, na kabla mwaka haujaisha babake akafariki. Tangu hapo mama yake, Eustakia, aliiweka juu ya kabati na kuishusha Jumapili tu, baada ya misa.

"Baba mdogo, itatembea leo?" Eufrazia aliuliza.

"Mbona una haraka kuliko mwenye treni?"

Haraka yake ilikuwa na sababu.

Wiki iliyopita alikwenda kwa Eustakia kumtafuta rafiki yake Esperansia ili wafanye hesabu pamoja. Esperansia alikuwa ameenda kuchota maji, na Eustakia alikuwa kwenye migomba pamoja na Abeli. Eufrazia aliishusha treni, akaiwasha. Ilijikongoja kidogo, ikasimama. Betri zilikuwa zimechoka. Nyumbani kwao betri za tochi zikichoka hufukiwa kwenye majivu ya moto ili zipate nguvu, naye akafanya vivyo hivyo katika jiko la Eustakia. Zilipopata moto sana, akazirudisha. Treni ilikimbia mpaka ukutani, ikatoa harufu kali, ikazima. Maji mazito meusi yakachuruzika tumboni mwake. Alipoichokonoa kwa kijiti, waya ukakatika. Akaifuta kwa sketi, akairudisha kabatini, akaondoka.

Eustakia alipoikuta hivyo alimwuliza Esperansia, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani siku ile. Esperansia alikuwa mtoto wa shemeji yake, Gidioni, aliyehamia Nyabusozi, wilayani Biharamulo, kulima. Gidioni alimwacha binti huyo Kirushya amalize darasa la saba, na mtihani ulikuwa umekaribia. Esperansia alikana. Eustakia akasema hawezi kukaa na mtoto mharibifu, na tena mwongo. Babake aje amchukue.

Eufrazia alijipangia hivi: treni ikipona, Eustakia atapoa, Esperansia atabaki, na hakuna atakayeuliza zaidi. Ndiyo maana alijitolea mwenyewe kuileta kwa baba mdogo.

Jua lilikuwa linazama na msumari umeanza kuwa mwekundu Eustakia alipoingia uani, Abeli akimfuata nyuma.

"Shikamoo, mama," Eufrazia alisema.

"Marahaba. Fundi, umefika wapi?"

"Kutu inatoka," Idefonsi alijibu. "Bado waya."

Abeli aliinama akachungulia. "Mmeitoa utumbo," alisema.

"Tutaurudisha. Wewe usiuguse tu."

Eufrazia alimtazama Eustakia. "Mama, Esperansia anaumwa? Leo hakuja shule."

"Babake alimchukua asubuhi. Wameshafika Nyabusozi."

Msasa ulimponyoka Eufrazia. "Na mtihani?"

"Hilo muulize babake. Kasema mtoto asiye na adabu kwa watu, bora akae nyumbani alee wadogo zake."

Abeli alizungusha gurudumu la treni kwa kidole.

"Si yeye aliyeiharibu," Eufrazia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ni mimi."

Idefonsi aliacha kupuliza mkaa. "Sema polepole," alisema. "Anzia mwanzo."

Akaeleza yote: kabati, majivu, maji meusi, kijiti. Alipomaliza, Eustakia alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha kama mtu aliyetoka safari.

"Alinishika kanga," Eustakia alisema. "Akaniambia, mama mkubwa, si mimi. Nikamwita mwongo mbele ya huyu mtoto." Akamgeukia Eufrazia. "Na wewe juzi ulikuwa kwangu. Mlikunywa uji pamoja."

"Ndiyo, mama."

"Ukamwangalia usoni."

"Nilidhani treni ikipona..."

"Treni," Eustakia alisema.

Alitoa simu akampigia Gidioni. Hakujitetea. Alimweleza kosa la Eufrazia na kosa lake mwenyewe, halafu akasikiliza. Aliposhusha simu, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ameshamchapa," alisema. "Walipofika tu."

"Na kumrudisha?" Idefonsi aliuliza.

"Anasema hamrudishi kwa maneno ya simu. Anataka kumsikia aliyekosa, akiwa amesimama mbele yake. Akishasikia ndipo atafikiri."

"Basi kesho tunakwenda," Idefonsi alisema. "Mimi, wewe na Eufrazia."

Eufrazia alianza kulia. Idefonsi hakumbembeleza, wala hakumgombeza. Alingoja mpaka akatulia.

"Kufukia betri kwenye majivu ni ujinga wetu sote," alisema. "Hata mimi nimefanya. Betri ikipata moto hupasuka na kumwaga sumu yake, sasa umejua. Hilo lingeisha siku ileile. Lakini ulinyamaza, na kila siku uliyonyamaza mwenzako ndiye aliyebeba. Ukikosa, sema mapema, wakati bado ni kosa lako peke yako."

"Esperansia atanisamehe?"

"Sijui. Huendi ili akusamehe. Unakwenda ili aitwe mkweli, kwa kuwa ni mkweli."

Eustakia alisimama, akakung'uta kanga. "Gari la kwanza linapita mapema," alisema. "Nitawagongea mlango." Alimshika Abeli mkono, wakaondoka.

Eufrazia alifuta uso, akaokota treni na ule waya uliokatika. "Msumari bado una moto, baba mdogo. Tunaweza kumaliza."

Idefonsi aliutoa waya mkononi mwake, akauweka kwenye kifuniko cha treni pamoja na skrubu, kisha akaanza kuufukia mkaa kwa majivu.

"Hii itangoja," alisema. "Ingia ndani ukalale."