Gari la Kumpandisha Bibi

Kila siku ya kwenda hospitali, Sisimizi aliamka mapema, akabandika chai, akampashia bibi yake maji ya kuoga, kisha akamvalisha. Kwanza sketi, halafu soksi, halafu viatu vya kamba ambavyo Bibi hakuweza tena kuinama kuvifunga. Sisimizi lilikuwa jina la utani. Mama yake ndiye aliyempa, kwa sababu tangu utotoni alipenda kubeba vitu vinavyomzidi kimo. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mama hakuwepo tena.

Mama alifariki msimu wa mvua uliopita. Siku alipozidiwa, gari lao dogo lilizama kwenye matope ya barabara ya hospitali. Watu walisukuma wee, mpaka wakachoka. Walipofika hospitalini, walikuwa wamechelewa.

Tangu siku hiyo Sisimizi hakuwahi kulia. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila kwake ilikuwa mwili mzima. Akiulizwa kama ameshiba, alijibu, "Sawa tu." Akiulizwa habari za shule, "Sawa tu." Nyumba nzima ilikuwa hivyo hivyo. Baba akiulizwa hali alijibu salama, na Bibi, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka kabisa, alijibu salama kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bibi ndiye aliyemzaa mama. Kwa hiyo kwa Baba alikuwa mkwe, na mama mkwe hashikwishikwi ovyo. Zamani mama ndiye aliyempandisha Bibi garini. Sasa kazi hiyo ilikuwa ya Sisimizi. Baba alifungua mlango wa gari, akageuka, akautazama ukuta wa jirani mpaka asikie mlango umefungwa. Hakufanya hivyo kwa dharau. Aliona aibu kumtazama mkwewe akihangaika na sketi na miguu. Alikuwa seremala, mtu wa macho makali, lakini kila siku ya hospitali macho yake yaliishia kwenye nyufa za ukuta wa watu.

Ilipokaribia tena mvua, Baba alitangaza mezani kwamba angenunua gari la juu.

"SUV," alisema. "Lisilojua tope ni nini. Sitaki kusukumwa tena maishani mwangu."

Bibi alisema ni jambo jema. Sisimizi alisema sawa tu.

Jumamosi wakaenda wote watatu kwenye yadi ya magari. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi na maneno mengi. Kwanza aliwaonyesha gari la kijivu, pana, la juu kiasi, ambalo milango yake ya nyuma ilifunguka wazi kabisa. Baba alilizunguka mara moja tu. Macho yake yalikwishahamia kwenye gari jeusi lililokuwa nyuma yake, lenye matairi yaliyomfika Sisimizi kiunoni.

"Hilo, mzee, ukikutana na mto unavuka," muuzaji alisema. "Samaki ndio watakaokupisha njia."

Baba aliinama akachungulia chini ya gari, akapima kwa mkono nafasi iliyokuwepo kati ya chuma na ardhi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwambia Bibi, kwa adabu, "Mama, karibu ujaribu kukaa." Akafungua mlango. Akageuka.

Muuzaji naye, alipoona mwenye mkwe amegeuka, akageuka.

Kwa hiyo wanaume wawili walitazama lango la yadi, na nyuma yao Sisimizi alijaribu kumpandisha Bibi. Kidato cha gari kilikuwa juu mno. Bibi aliinua mguu, ukafika nusu, ukarudi. Akainua tena. Sisimizi aliweka bega chini ya paja la Bibi akasukuma kwa nguvu zake zote. Mguu uliteleza, muundi ukajigonga kwenye chuma. Bibi aliuma mdomo. Mara ya tatu akaingia, akaanguka kitini kifudifudi, akajinyanyua, akatengeneza mtandio.

"Vipi, mama?" Baba aliuliza bila kugeuka.

"Nimekaa vizuri kabisa, mwanangu!" Bibi alijibu. Kisha akamnong'oneza mjukuu wake kwa utani wao, "Mke mwenzangu, usiseme kitu. Nitazoea."

Sisimizi hakusema kitu. Halikuwa jambo gumu. Kunyamaza lilikuwa jambo jepesi kuliko yote siku hizo.

Nyumbani, alipomvua Bibi soksi, alikuta damu imekauka kwenye muundi, na uvimbe mkubwa umetokea pembeni yake. Akaleta maji ya chumvi na kitambaa. Bibi alitazama dirishani.

"Unajua, mjukuu wangu, nafikiri nitapumzika kidogo na hizo safari za hospitali," alisema. "Mashine zenyewe zimenichosha. Tumwache baba yako afurahie gari lake."

Sisimizi aliendelea kufuta damu. Alijua maana ya maneno yale. Daktari aliwahi kuwaeleza mbele yake: mashine ndiyo inayofanya kazi ya figo za Bibi, na akiiacha, hatakaa muda mrefu. Sisimizi alisubiri moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Aliwaza tu kwamba kitambaa kinahitaji kufuliwa. Hapo ndipo alipoogopa, na hakuogopa kifo bali utulivu wake mwenyewe. Bibi yake alikuwa anaaga, na yeye anawaza sabuni!

Siku ya hospitali ilipofika, muuzaji alilileta gari jeusi hadi nyumbani ili Baba alijaribu safari nzima kabla ya kulipa. Liliziba kibaraza chote. Baba alikuwa amevaa shati safi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa akipiga mluzi. Bibi hakutaka kutoka chumbani. Alisema leo hajisikii kwenda. Baba alimbembeleza kutoka nje ya mlango, "Ni safari ya kulizindua gari, mama." Bibi hakuwa na moyo wa kumvunja moyo mtu anayepiga mluzi. Akatoka.

Baba akafungua mlango. Akageukia ukuta wa jirani.

Sisimizi aliweka bega chini ya paja la Bibi, akasukuma. Mguu ukapanda, ukatetemeka, ukarudi.

"Baba," aliita.

"Eeh, mmeshakaa?"

"Hapana. Geuka, Baba. Tazama."

"We mtoto!" Bibi alifoka. "Huna haya? Baba yako anitazame hivi?"

"Geuka, Baba! Hawezi kupanda. Hata kule yadi hakuweza, aliumia mguu akakuficha. Anataka kuacha kwenda hospitali ili asikuharibie gari lako. Na mimi nilijua, nikanyamaza."

Maneno yalitoka makavu, kama anasoma ubaoni. Baba akageuka. Alimwona mkwewe ameshikilia mlango kwa mikono miwili, mguu mmoja hewani, na chini yake binti yake, shingo imemsimama mishipa.

Baba alikwenda kibarazani, akachukua kiti cha Bibi, akamsogezea. Bibi akakaa, akajifunika uso kwa mtandio.

"Nisamehe, mwanangu," Bibi alisema. "Ulikuwa umefurahi."

"Mama, mimi ndiye wa kusamehewa." Baba alichuchumaa mbele yake. Alitazama kiti, kisha akalitazama gari. "Kiti hiki nilikitengeneza mwenyewe. Nilimtuma mwanao akupime goti, nikakata miguu ya kiti ikafuata kipimo chako. Leo nanunua gari, nimepima tope tu. Wewe sikukupima. Nilikuwa namnunulia yeye, mama. Nilikuwa nanunua gari la kumfikisha mwanao hospitali siku ile."

Bibi alifunua uso. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauacha hapo.

Asubuhi hiyo gari jeusi lilirudishwa yadi, na kwa kuwa lile dogo lilikuwa limekwisha kuuzwa, jirani, mama mwenye mikono imara ya kukandia unga, alikuja kusaidia kumpandisha Bibi kwenye teksi, na hospitali hawakuikosa. Walipotoka huko wakapitia yadi. Safari hii Baba alisimama pale pale mlangoni pa gari la kijivu akatazama. Kiti cha nyuma kilimfika Bibi nyongani: aligeuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili, akashika mshikio wa juu. Hakuna aliyemsukuma. Kisha Baba akaliendesha hadi kwenye barabara ya hospitali, sehemu ile ile mbovu, akapita mashimo yote bila tumbo la gari kugusa chini.

"Mto hutavuka nalo," muuzaji alisema kwa unyonge.

"Hakuna mto kati ya kwangu na hospitali," Baba akamjibu.

Siku walipolichukua, Sisimizi alikaa mbele. Baba alimtazama kidogo, akarudisha macho barabarani.

"Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi watatu tumefichana maumivu na kuyaita heshima. Mimi nilitazama ukuta, bibi yako akasema amekaa vizuri, na wewe ukasema sawa tu. Tungempoteza mtu wa pili kwa adabu. Heshima ya kweli ni kumwambia mwenzako ukweli kwa upole, na kumtazama anapokuhitaji. Ulifanya vema kuniita nigeuke."

"Alifanya vema," Bibi alisema kutoka nyuma, "ingawa kelele zake nitazikumbuka."

Kuna kitu kilikuwa kinamchoma Sisimizi, akashangaa kukisikia.

"Baba," alisema, "bega linaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu mama alipokufa."

Baba akaliegesha gari pembeni ya barabara, akazima injini, akageuka.