Urudi Mvula Ikianza

Mvua ilishuka katikati ya soko la mji wa Baraka bila kubisha hodi, ikamkuta Marthe na mabeseni mawili ya ndagala, dagaa wa ziwani, waliokauka na shitingi moja ya plastiki yenye matundu. Alifunika huku, kule kukafunuka. Kitenge chake cha manjano kilimganda miguuni. Alipoinua uso akamwona kijana wa shati jeupe na buti za mpira, amesimama mvuani, anacheka peke yake.

"We, unacheka nini? Ndagala zangu zinaloana!"

"Sikuchekake weye, mama. Nachekea mvula."

"Mvula inachekewaka?"

"Kwetu Lubondja, sana! Saa hii karanga zetu ziko zinakunywa."

Marthe alimwona mwehu. Lakini mwehu huyo, Fabien, alibeba beseni moja mpaka kwenye baraza la duka, kisha akarudi kuchukua la pili, na jioni alikwishapata namba ya simu.

Penzi lao lilinoga kiangazi.

"Allô, mama ya ndagala."

"Allô, baba ya karanga. Umekula?"

"Nimekula, lakini sauti yako haijanishibisha."

"Bongo mutupu, muongo weye. Endelea."

Wingu tu ndilo lililowagombanisha. Likitanda, Fabien huchangamka, ulimi haulali. Marthe hununa. Amekulia kwenye mchanga wa ufukweni ambako ndagala huanikwa, na anaijua harufu ya samaki waliokosa jua. Siku ya mvua hataki simu, hataki utani, hataki hata kuulizwa ana nini.

Mwezi wa nane akauliza lile alilokuwa nalo moyoni.

"Fabien, familia yako itakuya kwetu lini?"

"Mvula ikianza tu, cheri."

Marthe akakata simu. Pale mchangani, mwanamke akimchoka mwanamume humwambia hivyohivyo, "Urudi mvula ikianza," kwa sababu mvua ikianza hakuna anayeanika, na mwenye kurudi hamkuti mtu. Yeye mwenyewe alikwishawafukuza wawili kwa maneno hayo. Akaifungia namba ya Fabien isiingie tena, akalia, tena sana, akisingizia moshi.

Mvua ya kwanza ya Septemba ilimkuta uani kwao anazoa ndagala, nywele zimelowa, mikono imejaa magamba. Pikipiki mbili zikasimama mbele ya nyumba yao. Fabien akashuka amevaa koti jeusi lililotapakaa matope mpaka kwenye kola. Nyuma yake wakashuka baba yake mkubwa na shangazi yake, wote wanatabasamu.

"Unatafuta nini hapa?" Marthe akamkabili uani.

"Nilikuambia mvula ikianza. Si ndiyo hii?"

"Huku kwetu ni vile banafukuzaka muntu!"

Fabien akaduwaa. "Kwetu kitu muzuri hakianzake katika jua. Wazee banangojaka udongo ulowane kwanza. Kumbe ndiyo sababu simu yako ilikataa? Nilikupigia kila siku, Marthe. Nilifikiri umepata mwingine."

"Na mi nilifikiri umenichoka."

"Nikuchoke weye? Sasa furahi basi, tumefika!"

"Siwezi. Mvula iko inanyesha."

"Nuna tu, cheri. Mi nitafurahi ya sisi bawili."

Hapo hasira ilimwisha Marthe. Uso haukubadilika, lakini alimpenda mtu huyu kuliko alivyowahi kumpenda, kwa kuwa hakumlazimisha kucheka.

Sebuleni wageni walikaa wima. Baba wa Marthe, mzee asiyependa haraka, akamwita binti yake, kama ilivyo desturi. Jibu lake ndilo lingewakaribisha wageni wale au kuwarudisha kwenye matope.

"Mutoto yangu, huyu kijana unamujua?"

Marthe akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ya chini kama alivyofundishwa na mama yake. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa fujo, na hakuna aliyesikia kitu. Shangazi wa Fabien akashika kifua. Kijana mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikuwa hacheki.

"Anasema nini?" baba akauliza. "Unamujua ao humujue?"

Marthe akashika kiuno, magamba yote mikononi, akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia:

"Papa, namujua! Namujua! Bageni babakie!"